Kompyuta na Joto: Ugonjwa Usiopanda Mlima

Barabara itokayo Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huteremka kutoka nyanda za juu hadi bondeni, na msafiri aipitaye mwezi wa Oktoba huvua koti njiani. Iringa mjini pako kwenye mwinuko upatao mita 1600 juu ya usawa wa bahari. Idodi, penye mashamba ya mpunga na mibuyu, iko mamia ya mita chini yake. Tofauti hiyo yajulikana vema kwa wakulima, kwa wafugaji na kwa madereva wa mabasi. Kwa watu wanaotengeneza kompyuta aghalabu haijulikani, au hujulikana bila ya kutiwa maanani.

Ichukuliwe shule ya sekondari iliyo katika bonde kama hilo, yenye kompyuta za mezani kumi na tano hivi, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za watu wengine kabla ya kuletwa shuleni. Mojawapo huwaka vizuri asubuhi. Ifikapo saa nane mchana, wanafunzi wakiwa katikati ya kazi, huzimika ghafla. Ikiwashwa papo hapo hukataa, au huwaka dakika mbili tatu kisha ikazimika tena. Ikiachwa mpaka jioni huwaka kana kwamba halikutokea lolote. Mwalimu huifunga ndani ya boksi na kuipakia katika basi la alfajiri kwenda Iringa. Fundi huiweka mezani, huiwasha, huiacha ikifanya kazi tangu asubuhi hadi adhuhuri, wala haizimiki. "Mwalimu, mashine yako nzima hii," husema fundi; na kwa kuwa kazi haina budi ilipwe, huongeza kwamba yamkini ilikuwa na virusi, akafuta kila kilichomo na kuweka programu upya. Mashine hurudi bondeni. Kesho yake, saa nane mchana, huzimika.

Fundi huyo si mwongo, wala si mjinga. Ameletewa mgonjwa ambaye ugonjwa wake haupandi mlima.

Hesabu ya jambo hili ni nyepesi, nayo yafaa ifanyike ubaoni katika kidato cha tatu. Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha silikoni kiitwacho prosesa, ambacho hubadili karibu umeme wote unaokifikia kuwa joto. Ichukuliwe kwamba hutoa wati 60. Joto hilo lazima lisafiri: kutoka katika silikoni kwenda kwenye bamba la alumini lenye mapezi mengi lililokaa juu yake, kutoka katika mapezi kwenda kwenye hewa inayosukumwa na feni, na kutoka ndani ya kasha kwenda chumbani. Njia hiyo ina ukinzani, kama vile waya ulivyo na ukinzani kwa mkondo wa umeme. Ikiwa mapezi ni safi na feni ni nzima, ukinzani waweza kuwa nyuzi 0.8 za Sentigredi kwa kila wati. Basi prosesa huzidi joto la chumba kwa nyuzi 48. Ikiwa mapezi yamezibwa na vumbi, na grisi ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bamba imekauka, ukinzani waweza kupanda hadi nyuzi 1.2 kwa wati, na ziada ikawa nyuzi 72.

Sasa mashine ile yenye vumbi ipelekwe Iringa asubuhi, katika chumba chenye nyuzi 20. Ishirini na sabini na mbili ni tisini na mbili. Prosesa nyingi zimetengenezwa zijilinde zifikapo kwenye nyuzi 100 hivi. Mashine itafanya kazi, kwa taabu, lakini itafanya. Irudishwe bondeni, chini ya bati lisilo na dari, chumba kikiwa na nyuzi 36. Thelathini na sita na sabini na mbili ni mia moja na nane. Haifiki huko; hujizima njiani. Na kama ingalisafishwa tu ingalikuwa na nyuzi 84 katika chumba kile kile, nayo ingalifanya kazi mchana kutwa. Kosa, basi, haliko kwenye mashine peke yake wala kwenye hali ya hewa peke yake. Liko katika jumla ya viwili hivyo, na anayekiona kimoja tu hawezi kulipata.

Kutokana na hesabu hiyo latokea jambo ambalo makala haya yanalishikilia: kasoro ya joto yapaswa kuchunguzwa mahali inapotokea, na wanaostahili kuanza kuichunguza ni mwalimu na wanafunzi wake. Si kwa sababu ya uhaba wa fedha tu, ingawa nauli na ujira wa fundi ni mzigo mkubwa. Ni kwa sababu wao ndio wenye chumba, wenye alasiri na wenye wiki nzima ya kutazama. Fundi wa mjini hana hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Mkoa wa Iringa una haki ya pekee ya kulisema hili. Mwaka 1963 mwanafunzi Erasto Mpemba, akiwa katika Shule ya Sekondari Magamba mkoani Tanga, alitia mchanganyiko wa maziwa ungali moto ndani ya friza ili kutengeneza aiskrimu, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo hilo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyefika shuleni kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne alikwenda akalifanyia majaribio, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo yao katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wanasayansi wangali wanabishana juu ya sababu ya tukio hilo, na wengine hata juu ya kuwapo kwake. Ubishi huo ni halali. Kilichokuwa si halali ni kicheko, kwa kuwa waliocheka hawakuwa wameshika kipimajoto.

Mwanafunzi wa leo asemaye kwamba kompyuta ya tano "huzimika jua likiwa kali" huchekwa vivyo hivyo, au huambiwa amebonyeza pasipobonyezwa. Naye ametoa, bila kujua, nusu ya jawabu. Inayobaki ni kuligeuza neno lake kuwa kipimo.

Vifaa vya kufanyia hivyo vimo katika maabara ya fizikia. Kipimajoto kitundikwe ukutani karibu na mashine, mahali pasipopigwa na jua. Daftari liwekwe mezani. Kila mashine inapozimika yaandikwe mambo manne: saa ya kuwashwa, saa ya kuzimika, joto la chumba, na namna ilivyozimika. Baada ya majuma mawili nukta zichorwe kwenye karatasi ya grafu, joto la chumba upande mmoja na dakika za uhai wa mashine upande wa pili. Nukta zikiteremka kadiri joto linavyopanda, shaka ya kwanza imepata uzito. Zikitawanyika ovyo, huenda kisa ni umeme wenyewe, ambao katika sehemu nyingi hupungua volti nyakati za matumizi makubwa. Multimita ya shule yaweza kuliamua hilo. Wala lisifanywe jambo la pili kabla ya kuandika la kwanza. Mtu abadiliye feni, memori na programu siku moja, kisha akaona mashine imepona, hajui kilichoiponya. Na mashine ya pili ikiugua ataanza tena gizani.

Jambo la nne katika daftari, yaani namna ya kuzimika, lastahili kuelezwa zaidi, kwa maana humo mna habari nyingi. Mashine inayokatika ghafla kama taa, na kukataa kuwaka mpaka ipoe, aghalabu imejizima kwa makusudi: kinga ya prosesa au ya kisanduku cha umeme imefanya kazi yake. Mashine inayoganda huku picha ikibaki kwenye kioo, au inayoonyesha maandishi ya makosa na kujiwasha upya, mara nyingi ina kipande kilichoanza kutoa hesabu zisizo sahihi kwa joto, na memori hushukiwa kwanza. Inayozidi kuwa nzito alasiri bila kuzimika huenda ina prosesa inayopunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Na iko ile ya kinyume, inayokataa kuwaka asubuhi ya baridi na kukubali baada ya kupashwa moto kwa kuwashwa mara nyingi. Hiyo mara nyingi ina kapasita zilizochoka. Mwalimu apelekaye mashine kwa fundi na kusema tu kwamba "inazima" amefanana na mtu aendaye hospitali na kusema kwamba anaumwa, kisha akanyamaza.

Jaribio la kuthibitisha ni rahisi. Alasiri ya joto, ubavu wa kasha ufunguliwe, feni ya mezani ielekezwe ndani, na kazi ile ile ifanywe. Mashine iliyokuwa ikizimika baada ya dakika 25 ikidumu saa mbili, hapana haja ya kuzungumza habari za virusi. Kisha uchunguzi uingie ndani zaidi. Mafundi wa redio wa zamani walikuwa wakipoza au kupasha moto kipande kimoja kimoja mpaka redio iungame. Mbinu hiyo ingali nzuri. Draya ya kukaushia nywele iliyoazimwa saluni, ikishikwa mbali kiasi na kuelekezwa kwenye memori peke yake kwa dakika moja, kisha kwenye sehemu nyingine, yaweza kumtaja mkosaji kwa jina.

Mara nyingi mkosaji ni vumbi. Vumbi la bondeni ni jepesi, huingia na hewa, hunasa kwenye mapezi na kushonana kama kitambaa. Mashine izimwe, waya uchomolewe ukutani, mwenye kusafisha aguse kwanza bati la kasha ili umemetuli wa mwili wake usiunguze saketi. Brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli zatosha. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke wakati wa kupuliziwa. Kupuliza kwa mdomo kusifanywe, kwa sababu pumzi ina unyevu. Bamba likiondolewa, grisi ya zamani ifutwe kabisa na mpya ipakwe kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Watu hudhani kwamba ikiwa nyingi joto litapita upesi, kumbe kazi yake ni kujaza vinyufa vilivyo kati ya metali na metali, na ikizidi huwa yenyewe kizuizi.

Kosa jingine ni miunganisho. Vitu hutanuka kwa joto na kunywea kwa baridi, na kila kimoja kwa kadiri yake. Kitendo hicho kikirudiwa kila siku kwa miaka, kilichochomekwa huanza kulegea. Mwaka 1980 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta iitwayo Apple III, isiyokuwa na feni. Ilipata joto mno, vipande vyake vikalegea vitakoni, na wateja wakashauriwa waiinue sentimita chache na kuiachia ianguke mezani ili vipande virudi mahali pake. Shule isiige tiba hiyo. Yatosha kuchomoa memori, kusugua miguu yake ya shaba kwa ufutio wa penseli, kuifuta na kuirudisha.

Kapasita ni habari nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kapasita nyingi zenye kemikali mbovu ndani yake ziliingia katika kompyuta za chapa mbalimbali duniani, na baadhi ya mashine hizo zilimalizia maisha yao katika madarasa ya Afrika. Hutambulika kwa macho: kichwa kilichopaswa kuwa tambarare kimevimba, au kimevuja uchafu wa rangi ya kahawia. Hata kapasita nzuri huzeeka kwa joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto likiongezeka kwa nyuzi 10 umri wake hupungua kwa nusu. Fundi redio wa kijijini mwenye mkono mtulivu aweza kuzibadili, mradi achague zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, na volti zisiwe pungufu ya zile za mwanzo.

Mahali pamoja pasiguswe na mwanafunzi wala na mwalimu asiyefundishwa: ndani ya kisanduku cha umeme. Volti 230 za ukutani zina kilele cha volti 325, na kapasita kubwa zilizomo humo huweza kushika kiasi hicho hata baada ya waya kuchomolewa. Feni yake ikikwama, kisanduku kizima kibadilishwe.

Hata hivyo, katika shule nyingi kompyuta haifi kwa sababu ya kasoro hizi. Hufa kwa heshima inayopewa. Hufunikwa kitambaa kilichodariziwa, na mara nyingine kitambaa hubaki nusu kimeifunika ingali inawaka. Husogezwa ukutani mpaka matundu ya nyuma yakazibika. Madirisha hufungwa kwa kuogopa vumbi na wezi. Kisha huingizwa wanafunzi arobaini, na kila mmoja wao, kwa kukaa tu, hutoa joto la wati 100 hivi: wati 4000, sawa na pasi nne za umeme zilizoachwa zikiwaka chumbani, kabla ya kuhesabu mashine zenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zimeundwa kwa ofisi zisizozidi nyuzi 35. Kuzipa nyuzi 38 na kuzivisha nguo si kuzitunza.

Heshima hiyo ina historia. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za enzi ile zilikaa katika vyumba vilivyopozwa, zikihudumiwa na watu wachache. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kizazi kizima cha walimu kilisoma na kuanza kazi bila kuigusa. Si ajabu basi kwamba ilipofika ilipokewa kama mgeni mkubwa, ikapewa chumba chenye kufuli, ikapigwa namba ya mali ya shule ubavuni, na mtu wa kufungua parafujo zake akaonekana mhalifu.

Wakuu wa shule wana hoja zao, nazo si za kupuuzwa. Memori ni ndogo, huingia mfukoni, nayo huibiwa. Mwanafunzi mwenye haraka aweza kuvunja kitako ambacho hakipatikani tena madukani. Lakini mashine iliyolala stoo miaka mitatu ikisubiri kufutwa kwenye vitabu imekwisha kupotea, na humo ndimo mafunzo yaanzie: mashine mbovu moja ifunguliwe mbele ya darasa, kila kipande kiandikwe kwa jina na idadi, na saini zitiwe kabla na baada. Mkuu akiona hesabu imerudi sawa mara tatu, ataruhusu ya nne ikiwa nzima.

Ikitokea kwamba darasa limeshindwa na mashine haina budi kwenda Iringa, isiende peke yake. Iende na karatasi iliyonakiliwa kutoka daftarini: huzimika ghafla baada ya dakika 25 chumba kikiwa na nyuzi 36, hukataa kuwaka kwa nusu saa, asubuhi ya nyuzi 24 haizimiki, feni ya nje ikielekezwa ndani hudumu saa mbili, memori imekwisha kubadilishwa bila mafanikio. Na chini yake aombwe fundi asiijaribu mezani penye upepo wa dirishani, bali aifunike kwa boksi lile lile lililoileta, aache tundu dogo la waya, atie kipimajoto ndani, naye angoje mpaka kisome 36.